Mgao wa Maji Ndio Mgao wa Amani

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu na ardhi, akaisimamisha milima, akateremsha mvua kwa kipimo akijuacho, akaipitisha mito katika nchi ili wanywe watu, wanyama na mimea. Twamhimidi, twamwomba msaada na twamwomba maghufira. Twashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, hana mshirika, na twashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyeufuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi mama zetu, wazee wetu na vijana wanafunzi mnaotusikiliza majumbani, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausieni ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Kumcha Mungu si jambo la msikitini tu. Mtu humcha Mungu katika mizani dukani, katika mpaka wa shamba, na katika mfereji wa maji usiku wa manane, mahali ambapo hapana amwonaye ila Mola wake.

Leo tutazungumza juu ya maji na juu ya amani, kwani mawili haya hayatengani. Wengi wetu tukisikia neno usalama huwaza askari, mipaka na silaha. Mambo hayo yana mahali pake. Lakini mtu ambaye mpunga wake unakauka, na huku ayaona maji yakigeuziwa shamba la mwingine, hana amani hata kama kituo cha polisi kiko mlangoni pake. Kadhalika nchi ambayo mto wake unatoka kwa jirani, nayo haimwamini jirani huyo, haina amani hata kama ina majeshi mengi. Kipimo kinacholinda amani kwenye mfereji wa kijiji ndicho kinachoilinda kwenye mto upitao mataifa. Kipimo hicho ni uadilifu katika mgao, na dini yetu imetufundisha habari zake waziwazi.

Ndugu Waislamu, tuanze na mlima huu tunaoishi kwenye miguu yake. Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895, na watu wa dunia nzima huja kuutazama kwa ajili ya theluji iliyo kileleni. Theluji hiyo inapungua. Barafu iliyopimwa mwaka 1912 ilienea kiasi cha kilomita za mraba 12, na tangu hapo zaidi ya asilimia 80 yake imetoweka. Hii ni ishara kubwa, na mwenye macho na aitazame. Lakini tusikosee kufahamu chanzo cha maji yetu. Maji ya Weruweru, ya Kikafu, ya Karanga, ya Rau na ya Himo hayategemei sana barafu ile. Sehemu kubwa kabisa yatoka katika ukanda wa msitu, ambako upande wa kusini mvua yaweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali huko chini kwenye tambarare ziko sehemu zisizofikia hata milimita 600. Msitu huikamata mvua, huukamata na ukungu, huyatuliza maji yaingie ardhini polepole, kisha huyatoa kwenye chemchemi miezi ya kiangazi. Mji wa Moshi wenyewe hunywa maji ya chemchemi kama za Nsere na Shiri. Basi akatae mti msituni akidhani amekata mti tu, ajue ameigusa ndoo ya mama asiyemjua, aliye mbali naye mwendo wa siku nzima.

Waliotutangulia walilifahamu jambo hili. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili pembeni mwa msitu, ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuuingia msitu wa ndani. Mwaka 1973 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na mwaka 2005 hifadhi hiyo ikapanuliwa ikauchukua na msitu wenyewe. Sheria zimekuwapo. Lakini sheria hailindi mti peke yake. Oktoba 2020 moto uliwaka mlimani siku kadhaa, ukateketeza eneo kubwa la vichaka na uoto wa juu, na vijana wa vyuo na wanavijiji wakapanda kusaidiana na askari wa hifadhi kuuzima. Moto mwingine ulizuka Oktoba 2022. Moto hauulizi mtu kabila lake wala dini yake, na ukame unaokuja baada ya msitu kuungua hauulizi pia.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, watu wa mlima huu walikuwa na elimu kubwa ya maji kabla ya mhandisi yeyote kufika. Walichimba mifereji, ambayo twaiita mifongo, wakayachukua maji kutoka makorongo yenye kina kirefu, wakayapitisha ubavuni mwa milima mpaka kwenye vihamba vya migomba. Mifongo hiyo ilihesabiwa kwa mamia. Ndugu zetu Wapare nao, katika milima yao ya Same na Mwanga, walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kuyalaza maji usiku ili yatumike mchana.

Lakini kazi iliyokuwa kubwa zaidi ya kuchimba ilikuwa kugawa. Kila mfongo ulikuwa na mzee wake. Zamu zilijulikana: huyu asubuhi, yule jioni, mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Siku ya kusafisha mfongo ikitangazwa, kila mwenye zamu alitoka na jembe lake, na asiyetoka alitozwa faini. Aliyeiba maji usiku aliitwa mbele ya wazee. Ziko desturi nyingine zilizoambatana na mambo hayo, za kutoa sadaka kwenye chanzo cha maji kwa asiyekuwa Mungu, na hizo Muislamu hazifuati. Lakini uadilifu wa zamu, na kushirikiana katika kazi kabla ya kushirikiana katika faida, hayo ndiyo yale yale yanayoamriwa na sheria yetu.

Twajua kisa cha Nabii Salih, amani imshukie, na kaumu ya Thamud. Mwenyezi Mungu ametuhadithia katika Kitabu chake ya kwamba aliwaletea ngamia kuwa mtihani, akawaamuru maji yagawiwe baina yao na yeye, siku yake ajulikane ni ya kwake na siku yao ijulikane ni ya kwao. Wale watu walikuwa mahodari, wenye majumba yaliyochongwa katika majabali. Hawakushindwa na kazi ya mawe, walishindwa na zamu ya maji. Hawakustahimili kumwona mnyama mnyonge akinywa siku yake, wakamuua, na adhabu ikawashukia. Mgao uliowekwa na Mwenyezi Mungu ukivunjwa, hauvunjwi peke yake. Huvunjika pamoja nao mji.

Tena tutazame hukumu ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Sahaba Zubeir bin Awwam, ambaye mama yake Safiya alikuwa shangazi ya Mtume, aligombana na mtu wa Madina, miongoni mwa Ansari, juu ya mfereji uliokuwa ukinywesha mitende. Shamba la Zubeir lilikuwa juu, na la yule Ansari lilikuwa chini. Mtume aliwasuluhisha kwanza kwa upole, akamtaka Zubeir anyweshe kidogo kisha amwachie jirani yake maji. Yule mtu akaghadhibika, akamtuhumu Mtume ya kwamba amehukumu hivyo kwa sababu Zubeir ni jamaa yake. Uso wa Mtume ukageuka kwa kuchukizwa na tuhuma hiyo. Ndipo akamrudishia Zubeir haki yake kamili, ya kuyazuia maji mpaka yafikie kwenye kingo za shamba lake, kisha ayaachie yashuke. Na katika hukumu nyingine ya bonde la Madina, aliweka kipimo ya kwamba wa juu azuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha ayafungulie kwa wa chini.

Ndugu zangu, katika hukumu hii mna mafunzo matatu. La kwanza, aliye juu ana haki. Hakuamriwa aache shamba lake likauke. La pili, haki yake ina mpaka. Yakifika kipimo, maji si yake tena, ni ya aliye chini, na kuyazuia ni dhuluma. La tatu, sulhu ni bora kuliko kudaiana haki mpaka tone la mwisho. Yule aliyeikataa sulhu kwa maneno ya tuhuma alipata kidogo kuliko alivyokuwa amepewa kwa wema. Ni magomvi mangapi ya maji katika nchi yetu yaliyoharibika kwa sababu hiyo hiyo, mtu kusema kwamba mwamuzi ni jamaa yao, ni kabila lao, ni dini yao, ni chama chao?

Sasa tushuke kutoka mlimani mpaka tambarare ya Moshi. Mwaka 1987 ulikamilika mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na mashamba ya mpunga yakastawi Mabogini, Chekereni, Rau ya Kati na Oria kwa maji ya mito Rau na Njoro. Faida ilionekana upesi. Nao wakulima waliokuwa juu ya mradi, walioona majirani zao wakivuna, wakafungua mashamba yao ya mpunga kwa maji yale yale. Nani angewalaumu kwa kutaka chakula? Lakini maji yalikuwa yamepimwa kwa idadi fulani ya mashamba, na mashamba yakazidi. Waliokuwa mwishoni mwa mfereji wakabaki na udongo mkavu katika mradi uliojengwa kwa ajili yao, na eneo la mpunga ndani ya mradi likapungua. Pakatokea manung'uniko, na kulaumiana baina ya vijiji ambavyo watu wake wameoleana na kuzikana.

Twaona basi ya kwamba hapakuwa na mwovu mmoja wa kunyoshewa kidole. Saruji ilikuwa imara, mpunga ulikuwa mzuri, na watu walikuwa wachapakazi. Kilichokosekana ni mgao unaokubaliwa na wote, wa juu na wa chini, walio ndani ya mradi na walio nje yake. Jambo jema lisilo na mgao huzaa fitina.

Na maji hayo hayakomi Moshi. Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, na kutoka hapo ndipo unapoendelea mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Njiani maji yale huzungusha mitambo ya umeme: megawati 8 Nyumba ya Mungu, megawati 21 Hale, na megawati 68 katika kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani kilichoanza kazi mwaka 1995. Wavuvi wanayategemea, wafugaji wanayategemea, mashamba ya mkonge na ya miwa yanayategemea. Na huko mwisho, karibu na mji wa Pangani, mto ukipungua nguvu maji ya bahari hupanda juu, na chumvi huingia katika mashamba ya minazi na ya mpunga. Mzee wa Kiislamu wa Pangani achotaye maji yakawa na chumvi, hakumkosea yeyote wa mlimani, wala hamjui jina. Lakini Siku ya Kiyama huenda akamjua.

Kwa ajili hiyo Serikali iliweka ofisi ya maji ya Bonde la Pangani mwaka 1991, yenye makao yake hapa Moshi, na Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imezitambua jumuiya za watumia maji, ili wakulima, wafugaji na wenye mitambo wakae meza moja. Asiyehudhuria mkutano wa jumuiya yake, kisha akalalamika njiani, ameiacha haki yake mwenyewe.

Enyi Waislamu, hata mpaka wa nchi hauyazuii maji. Mto Lumi huanzia kwenye mlima huu huu, hupita katika nchi ya Kenya upande wa Taveta, na kuingia Ziwa Jipe, ambalo nusu ni la Kenya na nusu ni la Tanzania. Kutoka ziwa hilo ndipo utokapo mto Ruvu wetu. Ziwa Chala nalo limekatwa na mpaka katikati. Na mabwawa ya Amboseli, ambako Wamasai wa Kenya hunywesha mifugo na tembo huponea wakati wa kiangazi, yanapata maji yaliyopita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Basi sisi wa Moshi tu juu kwa watu wa Pangani, na tu chini kwa watu wa Taveta. Hakuna aliye juu daima. Hii ndiyo hekima ya mafunzo ya Mtume wetu, ya kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee nduguye yale anayoyapendelea nafsi yake. Ukitaka kujua mgao wa haki, jiweke mwishoni mwa mfereji kisha uhukumu.

Na jambo hili latuhusu kama taifa. Mwaka 1929 Waingereza waliokuwa wakitutawala walipatana na Misri juu ya mto Nile, ya kwamba pasifanywe kazi katika mto huo, wala katika maziwa yanayoulisha, itakayopunguza maji ya Misri bila ya idhini yake. Watu wa Mwanza, Bukoba na Musoma hawakuulizwa. Baada ya kupata uhuru, Serikali yetu mwaka 1962 iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan ya kwamba Tanganyika haifungwi na mapatano hayo. Lakini tutazame uungwana wa jambo lile. Haikusema ya kwamba Misri haina haki. Ilikiri ya kwamba maji ya Nile ni muhimu kwa wote wanaoyatumia, na ikasema iko tayari kukaa na kuzungumza. Aliye juu alidai haki yake, na papo hapo akaacha mlango wazi kwa aliye chini. Hivyo mwaka 1999 nchi za bonde la Nile zilikutana Dar es Salaam zikaanzisha ushirikiano wao, na mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yakafikishwa kwa bomba Kahama na Shinyanga, pasipo vita na nchi yoyote.

Kwingineko mambo yamekuwa mazito. Ethiopia, ambako hutoka sehemu kubwa ya maji ya Nile yafikayo Misri, ilianza mwaka 2011 kujenga bwawa kubwa la umeme, likazinduliwa Septemba 2025. Ethiopia yasema: watu wetu hawana umeme, na mvua ni ya kwetu. Misri yasema: hatuna mto mwingine. Mara mbili, mwaka 2020 na mwaka 2021, shauri hilo lilifikishwa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Tuzingatie, ndugu zangu: baraza lililowekwa kwa ajili ya vita vya dunia lilikaa kusikiliza shauri la maji. Ni shauri la Zubeir na yule Ansari, ila mashamba yamekuwa mataifa. Mapatano ya nchi za bonde zima, yaliyoanza kutiwa saini mwaka 2010, yaliingia katika nguvu ya sheria Oktoba 2024, lakini Misri na Sudan hazikuwa miongoni mwa waliotia saini. Basi sulhu bado inahitajika, na Waislamu wako pande zote mbili za mto huo.

Wala tusidhani ya kwamba damu humwagika mbali tu. Desemba 2000, wilayani Kilosa, magomvi ya wakulima na wafugaji juu ya ardhi na malisho yaliua watu 38 katika kijiji kimoja. Mwaka 2012, huko Tana River nchini Kenya, Wapokomo na Waorma walipigana juu ya maji, malisho na mashamba, na siasa zikachochea, wakafa watu zaidi ya 100, wake kwa watoto. Na pande zote mbili wamo wanaoelekea kibla kimoja. Sala moja haikuwazuia, kwa sababu walikuwa wamekwisha poteza mgao mmoja. Mwaka 2004 Mkenya, Bibi Wangari Maathai, alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wako waliouliza: kupanda miti kwahusu nini amani? Watu wa Kilosa na wa Tana wangeweza kuwajibu.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu, kwa ajili yenu, na kwa ajili ya Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwenye kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu kwa neema zake zisizohesabika, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, Mtume wetu alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja. Wengine walipata sehemu ya juu, wengine sehemu ya chini. Wale wa chini walipotaka maji iliwabidi kupita juu na kuwasumbua wenzao, wakaona ni heri watoboe tundu sehemu yao. Wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Wakiwashika mikono, wote wataokoka. Mfano huu watufaa sana hapa kwetu. Wa juu na wa chini wamo katika chombo kimoja. Na mtu atobowaye jahazi hasemi ya kwamba anataka kuwazamisha wenziwe. Husema ya kwamba anatafuta maji yake tu.

Sasa tufanye nini? Kwanza tuanze na miskiti yetu. Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kiasi cha viganja viwili vilivyojazwa, naye alimkataza sahaba wake israfu katika udhu hata awapo kwenye mto upitao. Leo mabomba yetu ya udhu humwaga maji mtu akiwa anazungumza na mwenzake. Udhu hautiwi thawabu kwa wingi wa maji. Kila msikiti utengeneze koki zinazovuja, na maji ya udhu yaelekezwe kwenye miti.

Pili, vyanzo vya maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza kazi za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Wenye vihamba vinavyogusa mto waiache sehemu hiyo, wapande mikuyu, mringaringa na miti mingine ya asili, wala wasipande mikaratusi kwenye chemchemi. Mtume ametufundisha ya kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi mwa mtu mna mche, akiweza kuupanda na aupande. Na kila akilacho ndege au mtu katika mti wako huandikiwa wewe sadaka.

Tatu, zamu. Anayeyageuza maji usiku si zamu yake, huyo ni mwizi, hata kama hajaingia nyumba ya mtu. Na mpunga uliostawi kwa maji ya wizi, vipi baba mtu awalishe wanawe? Aliyekosa na arudi kwa jirani yake. Wazee wa mlima huu wana jani la sale. Sale ndilo lipandwalo kuwa mpaka wa kihamba, na jani la sale ndilo lichukuliwalo na mtu aendaye kuomba msamaha, na ni vigumu kulikataa. Mmea mmoja huonyesha mpaka na huleta suluhu. Sisi Waislamu tunastahili kuwa wa mbele katika yote mawili, kuuheshimu mpaka na kuipokea suluhu.

Nne, nanyi wanafunzi. Jifunzeni elimu ya maji, ya misitu, ya ramani na ya sheria za mataifa. Watakaokaa kwenye meza za mapatano ya Jipe, ya Pangani na ya Nile miaka ijayo ni ninyi. Haitoshi kuwa na huruma bila kujua hesabu ya mto, wala haitoshi kujua hesabu ya mto bila ya kumcha Mungu. Nanyi viongozi, kumbukeni ya kwamba mgao mliousimamia mtaulizwa juu yake. Msimpe mwenye mali kibali cha kuchimba kisima kitakachokausha visima vya maskini, wala msichelewe kumsikiliza aliye mwishoni mwa mfereji, kwa sababu sauti yake hufika kwenu ikiwa imekwisha choka.

Enyi Waislamu, mswalieni Mtume Muhammad, na mwombeni Mola wenu.

Ewe Mwenyezi Mungu, tuteremshie mvua ya rehema, isiyobomoa wala kuzamisha. Utuhifadhie milima yetu na misitu yake, na uzijaalie chemchemi zetu zisikauke. Waongoze walio juu wawe waadilifu, na walio chini wawe wenye subira, na sote utukumbushe ya kwamba sisi ni wa juu na wa chini kwa wakati mmoja. Wasuluhishe wakulima na wafugaji, na uzisuluhishe nchi zinazokunywa mto mmoja. Waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, wabariki wazazi wetu na watoto wetu. Utupe mema ya dunia na mema ya Akhera, na utuepushe na adhabu ya Moto. Amin.

Waja wa Mwenyezi Mungu, shikeni uadilifu na hisani, na mwe wenye kumkumbuka Mola wenu. Simamisheni sala.